Michoro ya wanafunzi kwenye kuta zilizozama: kwa nini inabanduka, na je, warudie?

#1 KalamuRisasi
Wakuu habari. Naomba wanaojua kuta na wanaojua watu waje hapa.

Wanafunzi wa uchoraji, mwaka wa pili chuoni, walichora ukuta wa shule ya msingi iliyokaa siku 4 kwenye maji ya mafuriko. Ukuta ni wa tofali za kuchoma, unene sentimita 23, plasta pande zote. Mchoro una urefu wa mita 12 na kimo cha mita 2.4. Kazi ilianza wiki ya 5 baada ya maji kupungua. Walifagia ukuta, wakapiga rangi nyeupe ya maji mikono miwili, wakachora miraba, wakapaka akriliki, wakamalizia na vanishi ya kung'aa.

Mwezi wa 3 yakaanza malengelenge kutoka sakafuni hadi kama sentimita 80. Ukibonyeza lengelenge linapasuka, nyuma yake kuna unga mweupe, gamba linadondoka lenyewe. Juu ya hapo mchoro unang'aa kama umechorwa jana.

Maswali mawili. Kosa ni nini? Na chuo kinataka warudie muhula ujao: warudie, au nguvu iende kwingine?

#2 Mzee wa Msasa
Chumvi hiyo. Uzi ufungwe.

#3 Chokaa Mbichi
Mzee wa Msasa kamaliza kwa neno moja, lakini tumfafanulie mwenzetu. Maji yaliyoingia kwenye tofali yanayeyusha chumvi za udongo, za tofali na za saruji yenyewe. Ukuta ukianza kukauka, maji yanatafuta njia ya kutokea usoni. Yakifika usoni yanageuka mvuke, chumvi inabaki na kuganda. Kama uso uko wazi, unaona vumbi jeupe tu, unalifagia. Kama uso umefunikwa na rangi ya maji, akriliki, halafu vanishi ya kung'aa juu yake, hiyo ni ngozi ya plastiki ya tabaka 4 au 5. Chumvi inagandia nyuma ya ngozi, inatanuka, inaisukuma. Hayo ndiyo malengelenge.

Kosa la kwanza ni wiki ya 5. Makadirio ya mafundi kwa ukuta wa tofali ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, tena hewa ikiwa inapita vizuri. Sentimita 23 ni kama miezi 9. Wao walimpaka mgonjwa vipodozi akiwa bado na homa.

Kosa la pili ni vanishi ya kung'aa. Hiyo ndiyo iliyofunga mlango kabisa.

#4 Mpima Unyevu
Naomba kutofautiana kidogo na #3. KalamuRisasi, maji ya mafuriko yalifika kimo gani ukutani?

#5 KalamuRisasi
Mita 1.4. Alama ya tope ilikuwa inaonekana wazi kabla hawajapaka.

#6 Mpima Unyevu
Basi hapo pana kitendawili. Kama tatizo lingekuwa maji ya mafuriko peke yake, malengelenge yangefika mita 1.4 au kuzidi kidogo. Yameishia sentimita 80. Kimo hicho ni cha unyevu unaopanda kutoka ardhini, ambao kwa kawaida huishia karibu na mita moja. Maana yake msingi hauna kizuizi cha unyevu (tabaka lisilopitisha maji kati ya msingi na ukuta), au kipo kimetoboka, au udongo wa nje umerundikana juu yake. Mafuriko huacha tope nje ya ukuta, na tope lisipochotwa linakuwa daraja la maji kuruka kizuizi.

Kama ni hivyo, hata wangesubiri miezi 9, au miaka 9, chini pangebanduka tu.

Kipimo ni rahisi. Kata plastiki angavu ya sentimita 45 kwa 45. Ibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote 4, isipitishe hewa kabisa. Iache saa 16 au zaidi, usiku kucha inatosha. Asubuhi tazama. Matone yakiwa upande wa ndani, ukuta bado unatoa maji. Yakiwa upande wa nje, ni unyevu wa hewa, ukuta usisingiziwe. Weka vipande 3: sentimita 30 kutoka sakafuni, mita 1, na mita 1.8. Kipande kimoja hakikwambii kitu, kwa sababu unachotafuta ni tofauti ya kimo na kimo.

#7 mama_rangi
Wote wawili mmesahau kuuliza swali la kwanza la fundi rangi yeyote: plasta ya chini ni ya zamani au mpya?

#8 KalamuRisasi
Duh. Sentimita 90 za chini zilipigwa plasta mpya ya saruji, ya zamani ilikuwa imelegea. Ilipigwa wiki 2 kabla ya kuchora.

#9 mama_rangi
Nilijua. Plasta mpya ya saruji ina ukali wa pH 12 hadi 13. Mafundi wanaiacha angalau siku 28 kabla ya rangi, na wanaimwagia maji siku za mwanzo ili ikomae. Kwa hiyo hao vijana walipaka juu ya plasta ya siku 14 iliyokuwa inanyweshwa maji makusudi. Halafu mnatafuta maji ya mafuriko!

Shukuruni ilikuwa akriliki. Ingekuwa rangi ya mafuta, ule ukali ungeigeuza kuwa kama sabuni, inalainika na kunata. Akriliki inavumilia zaidi, lakini haivumilii maji na chumvi ya saruji vikija kwa pamoja.

#10 Mzee wa Msasa
Sentimita 80 na plasta ya sentimita 90. Karibu kabisa. Ila karibu si sawa, mama.

#11 mama_rangi
Zile sentimita 10 za juu zina hewa pande mbili, zinakauka mapema. Msasa utajua nini kuhusu saruji?

#12 kijiti
Na mimi niongeze nadharia ya kijinga. Sentimita 80 ni kimo ambacho mkono wa mtoto wa darasa la kwanza unafika akiwa amekaa kwenye benchi. Lengelenge moja likitokea, mtoto hawezi kuliacha. Atalibandua, atabandua na la jirani. Angalieni kingo za magamba: yaliyodondoka yenyewe yana kingo za mviringo na vipande viko sakafuni. Yaliyobanduliwa na vidole yana michirizi mirefu ya kwenda chini.

#13 Chokaa Mbichi
kijiti, hiyo si ya kijinga hata kidogo. Ila vidole vinakuza tatizo, havilianzishi.

#14 Mpima Unyevu
Badala ya kubishana, gamba lenyewe liulizwe. Chukua gamba kubwa, geuza mgongo.

Kwangua ule unga mweupe na wembe kidogo tu, usichukue chembe za plasta, maana plasta itakudanganya. Gawa mafungu mawili. La kwanza tia kwenye kijiko cha maji safi. Likiyeyuka lote, ni chumvi za kuyeyuka, yaani unyevu wa ardhini au wa mafuriko umezileta. La pili dondoshea siki. Likichemka kwa mapovu, ni chokaa iliyotoka kwenye saruji na kugandia usoni, na mama_rangi atatudai heshima.

Halafu, sehemu ambayo haijabanduka, kata alama ya X kwa wembe hadi ufike plasta, kila mkato sentimita 4. Bandika utepe wenye gundi kali juu yake, usugue kwa ncha ya penseli, uvute kwa mkupuo mmoja. Tazama mgongo wa utepe. Rangi ikija na vumbi la plasta, plasta ni dhaifu. Rangi ikija peke yake, safi, haikushika. Ikija na utando wa kahawia, ni tope la mafuriko ambalo halikuoshwa.

Maana #1 amesema "walifagia". Kufagia si kuosha. Maji ya mafuriko yanabeba udongo laini sana na mafuta ya magari. Unahitaji brashi ngumu, sabuni, maji safi mara mbili, halafu ndiyo ukauke.

#15 mama_rangi
Angalizo: sabuni na maji ni kwa tope. Unga wa chumvi hauoshwi kwa maji, unaurudisha ndani. Unafagiwa mkavu kwa brashi ngumu, unakusanywa, unatupwa mbali. Unarudia kila wiki hadi usitoke tena.

#16 Lenzi50
Uzi umegeuka duka la rangi. Wale waliopoteza nyumba wako wapi humu ndani?

#17 Saiko_Jamii
Asante Lenzi50. Nilikuwa nasubiri nafasi, nije kwenye swali la pili la #1.

Kwanza lugha. Wengi wakiandika maombi ya miradi hii huiita "tiba ya sanaa". Tiba ya sanaa ni kazi ya mtu aliyesomea na anayesimamiwa. Mwanafunzi wa uchoraji anayekaa na watoto na kalamu za rangi anafanya shughuli ya kijamii, na hilo si tusi. Mwongozo wa IASC (kamati ya pamoja ya mashirika ya misaada ya kibinadamu) wa 2007 kuhusu afya ya akili na msaada wa kisaikolojia kwenye dharura una piramidi ya ngazi 4: chini kabisa ni mahitaji ya msingi na usalama, juu yake ni kuimarisha familia na jamii, kisha msaada wa kumlenga mtu usio wa kibingwa, na kileleni huduma za kibingwa. Wanafunzi wako ngazi ya 2. Wakibaki pale wanafaa sana. Wakipanda kileleni bila kuitwa wanaumiza watu.

Kinachoharibika mara nyingi ni haya.

Wanawaambia watoto "choreni mafuriko". Usimwagize mtoto achore janga. Mpe karatasi, mpe mada pana au usimpe kabisa. Akitaka kuchora maji atachora. Akichora mtu amelala chini ya maji, usitafsiri, usiulize "huyu ni nani aliyekufa?" Sema "nieleze kuhusu picha yako", kisha nyamaza. Akinyamaza naye, sawa.

Wanafanya kikao kimoja kikali cha kila mtu kusimulia yaliyomkuta ili "atoe yaliyo moyoni", kisha basi linaondoka. Vikao vya namna hiyo vya mara moja vimechunguzwa kwa miaka mingi. Havizuii matatizo ya baadaye, na WHO haivipendekezi.

Wanaondoka na michoro ya watoto kwenda kuitundika chuoni. Mchoro ni wa mtoto. Piga picha kwa ridhaa yake na ya mlezi wake, asili ibaki kwake.

Kiutendaji: watoto 8 hadi 10 kwa kundi, watu wazima 2 daima na kamwe si mmoja peke yake, dakika 60, siku ile ile ya wiki, nyuso zile zile. Tangazeni siku ya kwanza kwamba vikao ni 6 na sio 7, na kila kikao wakumbusheni vimebaki vingapi. Mtoto ambaye maji yalikuja bila taarifa hahitaji na nyinyi muondoke bila taarifa. Muwe na karatasi yenye sehemu za rufaa: nani anapigiwa mtoto akisema anapigwa, nani akisema hataki kuishi. Karatasi hiyo iandaliwe kabla ya kununua rangi.

#18 kijiti
Kabla ya kununua rangi. Hapo umewagusa wengi.

#19 Beleshi Kwanza
Nakubaliana na #17 isipokuwa kimoja. Ngazi ya 1 ikiwa haijashika, ngazi ya 2 ni mapambo. Baada ya tetemeko la Septemba 2010 kule Christchurch, New Zealand, wanafunzi wa University of Canterbury walijikusanya kupitia Facebook. Hawakwenda na brashi. Walikwenda na mabeleshi na matoroli kuchota mchanga tope uliobubujika mitaani ardhi ilipogeuka uji. Wakajiita Student Volunteer Army, na tetemeko la Februari 2011 lilipopiga tayari walikuwa na mpangilio.

Sanaa ilifuata baadaye, kila kitu na wakati wake. Oktoba 2012 wanafunzi wa usanifu majengo zaidi ya 300 kutoka vyuo mbalimbali vya New Zealand walijenga LUXCITY, mji wa taa wa usiku mmoja, katikati ya jiji ambalo majengo yake yalikuwa yamebomolewa. Usiku mmoja tu, wakabomoa, wakaondoka. Hakuna aliyewauliza kwa nini inabanduka.

#20 Chokaa Mbichi
Beleshi umesema kitu. Kazi ya muda iliyotangazwa kuwa ya muda haina aibu. Aibu ni mchoro ulioahidiwa kudumu.

#21 Lenzi50
Mfano mwingine ni Shigeru Ban, yule msanifu Mjapani wa maboksi. Alianza na nyumba za karatasi baada ya tsunami ya 2011, wanafunzi wakamsaidia kujenga.

#22 Beleshi Kwanza
Sahihisho. Nyumba za mabomba ya karatasi ni za Kobe, Japani, baada ya tetemeko la Januari 17, 1995. Msingi ulikuwa kreti za bia zilizojazwa mifuko ya mchanga. Kuta zilikuwa mabomba ya karatasi yenye kipenyo cha milimita 106 na unene wa milimita 4, katikati ya bomba na bomba kukiwekwa utepe wa sponji usiopitisha maji. Mwaka huo huo wajitolea, wengi vijana, walijenga kanisa la mabomba 58 ya karatasi mtaa wa Takatori. Lilikusudiwa kuwa la muda, likakaa miaka 10, likafunguliwa vipande na kupelekwa Taiwan, ambako nako kulikuwa na tetemeko mwaka 1999. Mwaka 2011 alichoweka Ban kwenye kumbi za wakimbizi wa tsunami ni vizuizi vya mabomba ya karatasi na mapazia, ili familia ipate faragha.

#23 Lenzi50
Nimesahihishwa, nashukuru.

#24 Mzee wa Msasa
Lakini huo ni ujenzi, sio sanaa.

#25 Beleshi Kwanza
Pazia linalomruhusu mama kubadilisha nguo bila kutazamwa na watu 200. Liite unavyotaka.

#26 Lenzi50
Turudi kwenye swali la "nguvu iende kwingine". Kuna kazi moja inayohitaji wanafunzi wa sanaa kuliko mafundi wowote, na karibu kila mara inasahaulika: picha za familia zilizoloa. Baada ya tsunami ya Machi 11, 2011, miji ya pwani ya Japani ilikusanya picha zilizookotwa kwenye vifusi, na wajitolea wakaziosha moja moja ili wenyewe waje kuzitafuta. Mji wa Yamamoto, mkoani Miyagi, peke yake ulipitisha malaki ya picha.

Utaratibu wake, kwa picha za karatasi zilizosafishwa maabara:

Okota na uandike. Kila albamu kwenye mfuko wake, na lebo ya mahali ilipookotwa, iandikwe kwa penseli kwa sababu wino unayeyuka. Piga picha ya albamu ilivyo kabla hujaifungua. Mpangilio wa kurasa ni ushahidi wa mwenyewe.

Una kama saa 48 kabla ya kuvu kuanza. Huwezi kuzimaliza? Zilizobaki zigandishe kwenye friza, zikiwa zimetenganishwa na karatasi ya nta. Kuganda kunasimamisha saa, hakusafishi.

Mabeseni 3 ya maji safi ya baridi, ya moto kamwe. Uso wa picha ni jelatini, ni kama gundi iliyovimba, ukiugusa kwa kidole unaondoka na sura ya mtu. Shika kingo. Beseni la 1 tikisa taratibu tope litoke. Beseni la 2 brashi laini ya maji kwa mgongo tu. Beseni la 3 suuza. Badilisha maji yakichafuka, usingoje yawe chai.

Kingo zikionekana njano na nyeupe zinazoyeyuka, bakteria wameshakula jelatini. Usiendelee kuosha. Itoe, ianike uso juu, iskani ikikauka. Nusu ya uso wa bibi ni bora kuliko karatasi safi isiyo na kitu.

Picha zilizochapwa kwa printa ya wino usizitie majini kabisa, zinaondoka zote. Piga picha, anika.

Picha iliyogandia kwenye kioo cha fremu usiibandue. Iskani na kioo chake.

Kukausha ni kwenye kamba, kibanio kwenye pembe nyeupe, kivulini. Jua na mashine ya kukaushia nywele vinaikunja. Glavu na barakoa za kuzuia chembe ni lazima, vumbi la kuvu si la kuchezea.

#27 Chokaa Mbichi
Friza usiitumie kwa picha za zamani zilizotengenezwa juu ya vioo badala ya karatasi. Zitapasuka au tabaka litabanduka. Hizo zikaushwe hewani tu.

#28 Lenzi50
Sahihi, niliruka hapo.

#29 Saiko_Jamii
Na anayeosha naye aangaliwe. Mwanafunzi anatazama nyuso za waliokufa saa 6 mfululizo. Zamu ziwe za saa 2, na kuwe na mtu wa kuongea naye mwisho wa siku.

#30 kijiti
Swali dogo kwa KalamuRisasi: ile alama ya tope ya mita 1.4, iko wapi sasa?

#31 KalamuRisasi
Chini ya rangi nyeupe.

#32 kijiti
Basi mimi hilo ndilo kosa langu namba moja, na siki haitalipima. Alama ya maji ni kipimo. Mhandisi anaitafuta, mdai wa bima anaitafuta, na mtu anayejenga upya jirani anataka kujua sakafu aipandishe kiasi gani. Kabla ya kupaka chochote: pima kimo kutoka sakafuni kwenye pembe zote 4, piga picha na futi ikionekana, kisha weka alama ya kudumu yenye tarehe.

Pia waulizeni watu kama wanataka ifutwe. Wengine hawataki kuiona tena. Wengine wanataka ibaki ili wajukuu wasijenge bondeni. Kijiji cha Aneyoshi, mkoa wa Iwate, kina jiwe lililowekwa baada ya tsunami ya 1933 linaloonya watu wasijenge nyumba chini yake. Mwaka 2011 maji yaliishia chini ya lile jiwe.

Vivyo hivyo alama za waokoaji. Baada ya kimbunga Katrina, 2005, nyumba za New Orleans, Marekani, zilikuwa na X ya rangi ya kupuliza: kushoto kikosi, juu tarehe, kulia hatari, chini idadi ya waliokutwa. Kuna familia zilizoziacha makusudi miaka mingi. Mwanafunzi asipake maua juu ya kitu kama hicho kwa sababu "kinatisha".

#33 Saiko_Jamii
Naongezea juu ya kijiti. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kilipigwa na tsunami mwaka 1907. Waliobaki waliiingiza kwenye nyimbo na simulizi za kulazia watoto, kwa neno moja la kwao, smong: ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma, kimbilia mlimani. Desemba 26, 2004, kisiwa chenye watu zaidi ya 70,000, kilicho karibu kabisa na kitovu cha tetemeko, kilipoteza watu 7. Sanaa iliyookoa watu wengi pale haikuletwa na basi la chuo.

#34 Beleshi Kwanza
Haikuletwa, lakini mwanafunzi wa muziki anaweza kwenda kuirekodi kabla wazee hawajaondoka nayo. Hiyo ni kazi ya muhula mmoja, inatosha kabisa, na haihitaji ukuta mkavu.

#35 mama_rangi
Tumjibu mwenzetu sasa. Chuo kikishikilia kwamba warudie, kuna njia 2.

Ya kwanza ni chokaa. Bandua rangi yote ya zamani kwa skrepa na brashi ya waya, chokaa haishiki juu ya plastiki. Lowesha ukuta kidogo. Paka chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kuchanganywa na maji), nyepesi kama maziwa, mikono 4 au 5, kila mmoja ukauke taratibu. Rangi ziwe za udongo na oksaidi ya chuma: nyekundu, njano, kahawia, nyeusi. Zisizidi sehemu 1 kwa 10 za uzito wa chokaa, zikizidi zinaacha vumbi mkononi. Bluu ya Prussia inauawa na chokaa, usihangaike nayo. Chokaa inapumua, chumvi itapita, utafagia, utapaka tena. Miwani ya kuzuia jicho kwa kila mtu. Watoto wasichanganye chokaa, inaunguza.

Ya pili ni kuuacha ukuta upumue. Mita 12 ni mbao 5 za plaiwudi ya kuhimili maji za mita 1.22 kwa 2.44, zikilazwa kwa urefu, safu moja. Mchoro utakuwa na kimo cha mita 1.22 na si 2.4, na si hasara: unaanzia mita 1.1 kutoka sakafuni, juu ya balaa lote. Kingo zote za plaiwudi zipigwe praima mara 3, maji huingilia kwenye kingo. Nyuma weka papi za sentimita 2.5 zikiwa wima, hewa ipande. Skrubu zisizoshika kutu. Shule ikihamishwa, mchoro unahama nayo.

#36 Mzee wa Msasa
Mama kaanza na siku 28, kamaliza na fenicha.

#37 Chokaa Mbichi
Mimi nasimama na chokaa. Plaiwudi kwenye eneo litakalofurika tena ni godoro la kuvu.

#38 mama_rangi
Ndiyo maana ina skrubu, Chokaa. Mvua ikitangazwa unaifungua.

#39 Beleshi Kwanza
Nani anaifungua? Wanafunzi watakuwa wamehitimu. Muhula ni wiki 15, ukuta unakauka miezi 9. Humu ndani mnahangaika na chumvi, mimi naona kilichobandua ule mchoro ni ratiba. Kama haukupakwa wiki ya 5, usingeingia kwenye alama za mwisho wa muhula.

#40 Saiko_Jamii
Au hakuna aliyewauliza wenye shule wanataka nini ukutani. Mchoro wa mtu unafagiwa, unazibwa pale unapochubuka. Mchoro wa mgeni unaachwa udondoke.

#41 KalamuRisasi
Wakuu nimerudi na majibu ya vipimo.

Plastiki: sentimita 30 matone ndani, mengi. Mita 1 pakavu. Mita 1.8 matone nje.

Unga: nusu umeyeyuka kwenye maji, uliobaki umechemka kwenye siki.

Alama ya X nimekata mita 1.2, pale ambapo mchoro bado mzima. Utepe umetoka na rangi, na mgongo wake wa kahawia.

#42 Mzee wa Msasa
Kila mtu kapata chake. Kazi ipo.

#43 mama_rangi
Umechemka. Nimeona neno hilo.

#44 Mpima Unyevu
Umeyeyuka pia, na plastiki ya sentimita 30 inasema chini bado kunatoka maji, huenda nje kuna tope limerundikana. KalamuRisasi, zunguka nyuma ya ukuta, chimba hadi uone msingi, utuambie udongo umefika tofali la ngapi. Na lile gamba ulilolipima, lilitoka kimo gani? Maana kama ni la sentimita 20 au la sentimita 70, ni habari mbili tofauti.

#45 KalamuRisasi
Gamba lilikuwa sakafuni, nililiokota. Sijui lilitoka kimo gani.

#46 kijiti
Lina michirizi ya vidole?